Mjue Stephen Salter na bata wake wa kuvuna umeme baharini



Kuna mdau mmoja aliniuliza swali ambalo nilidhani nitalijibu kwa mistari miwili tu. Aliuliza hivi: kama maji ya bwawa yanatupa umeme, mbona bahari yote hii inayopiga kelele usiku na mchana haitupi hata wa kuwasha taa moja? Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekua nikiisikia hiyo bahari, na sikuwahi kujiuliza. Basi nikaanza kusoma. Kila nilikopita nikakutana na jina lilelile, Stephen Salter, na mashine yake iliyojulikana kama bata. Yaani huyu mzee alibuni kitu kinachomeza wimbi karibu lote, halafu kikaishia kwenye makabati ya ofisi. Leo nataka niwaelezeni kilivyofanya kazi na kilichokikuta, maana naona wengi wanaisimulia hadithi hii nusu nusu.

Salter alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1938, akakulia Uingereza, akafariki Februari 2024 akiwa na miaka 85. Hakuanzia chuo kikuu. Alianza kama fundi mwanagenzi kwenye kampuni ya ndege ya Saunders-Roe katika kisiwa cha Wight, akashika kazi za roketi iliyoitwa Black Knight, ndipo baadaye akaenda kusoma Cambridge. Mwaka 1967 akahamia Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, kusaidia kutengeneza roboti iliyoitwa Freddy, ambayo iliweza kuviona vitu kwa kamera na kuviunganisha. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza mambo mengi ya mbele. Huyu alikuwa mtu wa kushika bisibisi kwanza, nadharia baadaye. Mimi shuleni kwetu majaribio ya fizikia tuliyachora ubaoni, mwalimu anachora mizani na sisi tunachora mizani, mpaka namaliza kidato cha nne sijagusa mizani yenyewe. Kwa hiyo mkiona namsifia sana mtu aliyefanya kwa mikono, mnajua chanzo chake.

Sasa tuje mwaka 1973. Nchi za Kiarabu zilibana mafuta, na bei ya pipa ikapanda karibu mara nne ndani ya miezi michache. Wazee wetu wanaikumbuka hali hiyo hata huku. Wakati huo Salter alikuwa kitandani na mafua makali. Mkewe, Margaret Donaldson, mwanasaikolojia mashuhuri wa mambo ya watoto, akamwambia aache kujihurumia na atafute dawa ya shida ya nishati. Na masharti akampa: kiwe kitu safi, salama, kinachofanya kazi wakati wa baridi ya Scotland, na kisichokwisha. Ukiyapanga hayo masharti unaona jua limeshatoka, maana baridi ya kule jua ni la kuazima. Makaa na mafuta yametoka. Mawimbi yanabaki, tena wakati wa baridi ndipo yanapokuwa makubwa zaidi. Basi mgonjwa akapata kazi.

Hapa kuna kitu wengi wanakosea. Wazo la kuvuna mawimbi halikuanza na Salter. Baba mmoja na mwanawe, wa ukoo wa Girard huko Ufaransa, walichukua hataza ya mashine ya mawimbi mwaka 1799. Na Mjapani Yoshio Masuda alishatengeneza maboya ya kuongozea meli yanayowasha taa yenyewe kwa nguvu ya mawimbi, miaka kadhaa kabla ya Salter. Alicholeta Salter ni swali jipya: katika nguvu yote iliyomo kwenye wimbi, tunakamata kiasi gani, na kiasi gani kinatuponyoka?

Kitu cha kwanza alichojaribu kilifanana na lile boya linaloelea ndani ya tangi la choo cha kuvuta, linalopanda na kushuka. Mawazo ya kila mtu yanaanzia hapo, hata mimi nilianzia hapo. Lakini halifai sana, na sababu yake unaweza kuiona nyumbani bila kulipa hata senti.

Chukua beseni kubwa la kufulia, jaza maji, yaache yatulie kabisa. Chukua chupa ya plastiki yenye kizibo, ilaze katikati, isukume chini na kuiachia, chini juu, chini juu. Utaona viwimbi vinatoka pande zote mbili, sawa kwa sawa. Sasa fikiria umeirekodi hiyo kwa simu, halafu unaicheza video kinyumenyume. Viwimbi vinakuja kutoka kushoto na kulia, vinaifikia chupa, vinaishia hapo. Maana yake ni kwamba chupa ingeweza kumeza mawimbi yote kama yangeijia kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa mpangilio. Lakini bahari haina adabu hiyo, mawimbi yanakuja kutoka upande mmoja. Ndiyo maana kitu kilicholingana pande zote, kinachopanda na kushuka tu, hakiwezi kukamata zaidi ya nusu ya nguvu ya wimbi. Inayobaki inapita nyuma yake au inarudi ilikotoka. Soma tena hapo taratibu kama hujaelewa, mimi ilinichukua siku mbili.

Kwa hiyo swali likageuka. Tutengeneze umbo gani ambalo likitikiswa linatoa mawimbi upande mmoja tu? Ukilipata hilo, ukicheza video kinyume, wimbi linakuja kutoka upande huo na kumezwa lote.

Jibu la Salter ndilo bata. Fikiria tone la maji lililolala ubavu, au kichwa cha bata, upande mmoja mviringo na upande mwingine umechongoka kama mdomo. Katikati ya ule mviringo pamepita mhimili. Wimbi likija linausukuma mdomo juu, likipita mdomo unashuka, bata anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ujanja uko nyuma. Mgongo ni sehemu ya duara ambalo kitovu chake ni ule mhimili, hivyo bata akiinamisha kichwa mgongo unateleza tu ndani ya maji bila kuyasukuma. Kama hayasukumwi, hakuna wimbi linalozaliwa nyuma. Mbele nako umbo halikuchongwa kwa kubahatisha. Maji ya wimbi hayasafiri kwenda mbele kama mto, kila tone linazunguka kwenye duara, na duara hilo linapungua kadiri unavyozama. Wazamiaji wanalijua hili, juu kunachafuka na chini kumetulia. Mbele ya bata pamechongwa pafuate mwendo huo, juu pasogee sana na chini pasogee kidogo.

Nilijaribu kumchonga mmoja kwa kipande cha ndala kuukuu na njiti ya mshikaki. Nikakosea, nikatoboa tundu pembeni, na mgongo nao ukawa unayapiga maji. Nikatoboa upya katikati ya mviringo. Jamani, nyuma pakatulia! Siyo kabisa, lakini tofauti unaiona kwa macho. Dada yangu alinikuta nimekodolea beseni akadhani nimepoteza kitu.

Kwa Salter matokeo yalikuwa makubwa kuliko ya ndala. Kuna picha maarufu ya tangi lake jembamba la kioo. Upande mmoja wa bata maji yamepanda na kushuka mpaka picha imekuwa ukungu, upande wa pili maji yametulia karibu kama ya mtungini. Kwenye hali nzuri ya maabara bata alikamata karibu asilimia 90 ya nguvu ya wimbi. Mwaka 1974 akachapisha makala fupi kwenye jarida la Nature, na watu wakaanza kumsikiliza. Serikali ya Uingereza ikaweka fedha, ukaundwa mpango wa taifa wa nishati ya mawimbi, zikaingia timu nyingine zenye mashine zao. Mwaka 1977 msururu wa mabata ya ukubwa wa moja ya kumi ulielea kwenye ziwa Loch Ness, hilohilo la hadithi za zimwi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Salter na vijana wake wakajenga tangi pana lenye vibao 89 vya kutengenezea mawimbi, kila kimoja kinaendeshwa peke yake, ili waweze kuigiza bahari iliyochafuka kutoka pande tofauti. Ujanja mwingine ni kwamba vibao hivyo viliweza pia kuyameza mawimbi yanayorudi, yasije yakaharibu vipimo.

Tatizo likaanzia kwenye ukubwa. Serikali iliwaambia wabunifu wote wachore kituo cha megawati 2,000, cha kukaa baharini magharibi mwa Scotland. Megawati 2,000! Ni sawa na kumwambia fundi aliyetengeneza baiskeli nzuri kwamba hatua inayofuata ni treni. Hakuna aliyesema tengeneza bata mmoja wa kweli, mtie baharini, tuone atavunjika wapi. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na Salter mwenyewe naye aliingia humo, maana michoro yake ilikuwa ya msururu mrefu wa mabata waliovishwa kwenye uti wa mgongo mmoja wa zege.

Na bahari yenyewe si mchezo. Ipo kanuni rahisi ya kukadiria nguvu ya mawimbi kwenye kina kirefu: chukua kimo cha wimbi kwa mita, kizidishe kwa kimo tena, zidisha kwa sekunde kati ya wimbi na wimbi, gawa kwa mbili. Unapata takribani kilowati kwa kila mita moja ya upana wa bahari. Mawimbi ya mita 2 yanayokuja kila sekunde 8 yanabeba kilowati 16 kwa mita, kama pasi 16 zilizowashwa pamoja. Dhoruba ya mita 10 yenye sekunde 14 inabeba kilowati 700. Uso uleule wa bahari, mashine ileile. Unaona mtego huo? Pesa unaipata kwa mawimbi ya kawaida ya kila siku, lakini mashine lazima uijenge iweze kuokoka usiku mmoja wa dhoruba. Ukiijenga ya usiku huo inakuwa ghali, usipoijenga hivyo unaikuta ufukweni vipande vipande. Salter alikataa kushindana na bahari kwa misuli. Uti wa mgongo wake ulikuwa na viungo vinavyokubali kupinda nguvu ikizidi kiwango, kama mnazi unavyouinamia upepo. Kwenye karatasi na kwenye tangi ilifanya kazi.

Halafu ikaja 1982. Kamati ya ushauri wa utafiti wa nishati ilikaa, na mpango mkubwa wa mawimbi ukakatwa. Clive Grove-Palmer, aliyekuwa meneja wa mpango huo, hakuruhusiwa kuwamo kwenye kikao kilichoamua. Mtu aliyeijua kazi kuliko wote alibaki nje ya mlango. Tena ofisi iliyosimamia tathmini ilikuwa Harwell, nyumbani kwa mamlaka ya nishati ya nyuklia ya Uingereza, na wakati huo nyuklia ndiyo iliyokuwa bibi harusi. Salter aliamini mpaka mwisho kwamba hesabu za gharama ziliwekwa vibaya. Moja ya mambo aliyoyalalamikia ni makadirio ya mara ngapi nyaya za chini ya bahari zingeharibika, aliona yametiwa chumvi.

Wengine wakisikia hivyo wanasema njama, wanafunga kitabu. Mimi naomba tutulie kidogo kwenye hesabu yenyewe. Bei ya umeme wa namna hii ni gharama zote za mashine zigawanywe kwa umeme wote itakaotoa. Basi. Chukulia una bodaboda ya milioni 3. Ukisema itafanya kazi siku 300 kwa mwaka kwa miaka mitatu, kila siku inabeba deni la shilingi 3,333. Akaja mtu akasema hapana, pikipiki hizi zinalala gereji nusu ya muda, weka siku 150. Deni la siku limekuwa 6,667. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, pikipiki ni ileile. Kilichobadilika ni dhana moja tu kuhusu kuharibika. Sasa kwa mashine ambayo haijawahi kujengwa hata moja ya ukubwa wake kamili, dhana za kuharibika unazitoa wapi? Anayejaza hicho kisanduku ndiye anayeamua kama mradi utaishi. Mwaka 1992 serikali ileile ilifanya tathmini nyingine, na gharama za bata zikaonekana ndogo kuliko zilivyoelezwa miaka ya 1980. Lakini muongo mmoja ulikuwa umeshapita, na timu zilikuwa zimetawanyika.

Hata hivyo nisiwe shabiki. Nyuklia kupendelewa hakumaanishi bata angefaulu. Mwaka 1998 Richard Yemm, aliyepitia kwenye kundi la Salter, alianzisha kampuni ya kutengeneza Pelamis, mashine kama nyoka mwekundu anayejikunja juu ya mawimbi. Mwaka 2004 ikaingiza umeme kwenye gridi huko Orkney. Mwaka 2008 nyoka watatu, jumla megawati 2.25, wakawekwa Aguçadoura, Ureno. Walikaa miezi michache tu, wakavutwa bandarini kwa matatizo ya kiufundi na mwekezaji kuishiwa, na mwaka 2014 kampuni ikafilisika. Huyu hakunyimwa nafasi kama Salter, alipata bahari ya kweli, na bado pesa ilikwisha kabla ya majibu. Kiwanda kidogo cha Mutriku, Hispania, kilichozinduliwa 2011, kimejengwa ndani ya ukuta wa bandari na uwezo wake hauzidi kilowati 300. Hao ndio wanaopona, waliojificha ukutani.

Kinachonifurahisha kwa Salter ni kwamba mabaki ya bata yalizaa. Ndani ya bata kulikuwa na shida ngumu: kichwa kinaitikia polepole, mbele nyuma, lakini jenereta inataka kuzunguka haraka na kwa mwendo mmoja. Wakatumia pampu za mafuta yenye shinikizo, na wakagundua pampu za kawaida zinapoteza nguvu nyingi kazi ikiwa ndogo. Ndipo wakabuni pampu ambayo kompyuta inaiamulia kila silinda, kila mzunguko, ifanye kazi au ipumzike. Kampuni ya Artemis ikaanzishwa 1994 kwa ajili hiyo, ikanunuliwa na Mitsubishi mwaka 2010, ikapata tuzo kubwa ya uhandisi ya Uingereza, ya MacRobert, mwaka 2015, na sasa iko mikononi mwa Danfoss ya Denmark, kwa mitambo kama ya kuchimbia na kubebea mizigo. Na lile tangi la vibao 89 lina mjukuu wake Edinburgh, tangi la duara lenye kipenyo cha mita 25 na vibao 168, lililofunguliwa 2014.

Mwenyewe hakukaa kulia. Alibuni mashine ya kulipua mabomu yaliyotegwa ardhini. Miaka ya 2000 akaungana na John Latham kwenye wazo la meli za kurusha vumbi la maji ya chumvi angani, ili mawingu ya baharini yawe meupe zaidi na kurudisha mwanga wa jua. Hilo lina wapinzani wengi, na mimi ni mmoja wa wanaoliogopa, maana mvua zetu ni nani atakayezisemea? Lakini alikuwa akilichora na kulipigia hesabu mpaka uzeeni.

Sasa nirudi kwa mdau wangu. Mawimbi ya kwetu yanapunguzwa nguvu na miamba ya matumbawe kabla hayajafika ufukweni, ndiyo maana wavuvi wetu wanavua kwa ngalawa ndani ya mwamba. Nguvu ipo nje, kwenye kina, na huko nje ndiko kwenye gharama za nyaya, nanga na ukarabati, yale yale yaliyompata Salter. Ukiletewa mradi wa mawimbi kesho, usianze kuuliza mashine ina megawati ngapi. Uliza imeshakaa baharini miezi mingapi bila kuvutwa bandarini, na nani aliyejaza kisanduku cha kuharibika.

Mliosoma uhandisi, kama kuna mahali nimechapia nisahihisheni hapo chini bila kunitukana. Na atakayechonga bata wa ndala anayetuliza maji kuliko wangu, atume picha. Tundu liwe katikati ya mviringo.